Mkono wa Mwashi wa Pemba

Ukitaka kumpima mwashi wa zamani, tazama kona ya jengo lake. Katikati ya ukuta fundi ana pa kujificha: jiwe likiwa dogo ataongeza chokaa, likiwa na tumbo atalizamisha tumbo ndani na kuacha uso uliotulia nje, kisha lipu itafunika yote. Kwenye kona hakuna maficho. Hapo kuta mbili zinakutana, na kila moja inataka kwenda zake. Kinachozizuia ni namna mawe yalivyolazwa, moja limeelekea huku, la juu yake limeelekea kule, hivyo hivyo mpaka juu. Kona iliyofungwa ovyo hufunguka baada ya masika machache. Iliyofungwa vizuri nenda kaitafute kwenye magofu ya Ras Mkumbuu, ncha ya rasi ile ndefu magharibi ya Chake Chake, ambako mskiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 au karibu yake yamepoteza mapaa na vipambo, mizizi imepenya, mvua na chumvi vimekula lipu, na bado zipo kuta zilizosimama.

Ninaanza na kona kwa sababu historia ya Pemba mara nyingi husimuliwa kuanzia juu, kwa majina ya watawala, na majina yenyewe ni machache. Al-Masudi, msafiri mwenyeji wa Baghdad, alipita bahari hii mwaka 916 akaandika habari za kisiwa cha Qanbalu, kilichokuwa na Waislamu waliosema lugha ya Wazanji. Wataalamu wengi wanaamini Qanbalu ilikuwa Pemba, na James Kirkman, aliyechimba Ras Mkumbuu katika miaka ya 1950, aliamini ilikuwa pale pale rasini, ingawa waliomfuata hawakukubaliana naye wote. Baada ya Al-Masudi vitabu vinaitaja Pemba kwa mistari michache, tena kwa mbali. Waashi hawakunyamaza. Karne baada ya karne waliacha misikiti, makaburi, visima na ngome, na kwa kila kazi yao mtu anaweza kusoma kisiwa kilikuwa na nini, kilimheshimu nani, na mikono yake ilijua kiasi gani. Kwangu mimi hiyo ndiyo tarehe ya Pemba iliyo kamili kuliko nyingine zote, na anayetaka kuisoma lazima kwanza ajue kazi ya mwashi ilivyokuwa.

Kazi hiyo haikuwa rahisi Pemba. Waarabu walikiita kisiwa hiki Jazirat al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na anayetoka Unguja anaona sababu mara anaposhuka bandarini Mkoani: vilima juu ya vilima, mabonde ya mpunga, udongo mzito wenye rutuba. Ardhi kama hiyo ni neema kwa mkulima. Mwashi inampa udongo tu. Jiwe lake liko ukingoni, kwenye rasi na visiwa vidogo na pwani zilizoinuka kutoka kwenye miamba ya kale ya bahari. Miji ya mawe ya Pemba nayo imekaa ukingoni: Ras Mkumbuu, Mtambwe Mkuu karibu na Weti, Chwaka upande wa Tumbe huko kaskazini. Bandari na biashara ndizo zilizowaita watu huko, bila shaka, lakini nadhani jiwe nalo lilikuwa na sauti yake.

Mawe yenyewe ni ya aina mbili, na mwashi hakuyachanganya kwa bahati. Lipo jiwe la nchi kavu, tumbawe lililokufa zama za kale, gumu, lenye matundu na makali yanayochana viganja. Hili huvunjwa kwa mtaimbo na nyundo, likaingia ukutani jinsi lilivyo. Halikubali nakshi. Kisha lipo jiwe la baharini, tumbawe hai linalokua kama kichwa kikubwa cha mviringo, ambalo hukatwa maji yakitoka. Likiwa bichi ni laini, shoka na tezo vinalipita, na fundi mwenye kisu kizuri anaweza kulichora. Likikauka linakuwa gumu, na kosa lililomo hubaki humo. Kwa hiyo kazi ya nakshi ilikuwa ni kazi ya kushindana na jua: jiwe limekuja na maji ya asubuhi, mistari imekwishapimwa, na mkono hauna ruhusa ya kusitasita.

Jiwe hilo la baharini lilitengewa pa heshima. Mihrabu, miimo ya milango, zidaka, pembe za matao. Ukilitazama kwa karibu unaona vitundu vidogo vidogo vimepangana sawasawa juu ya uso wote, kila kimoja nyumba ya mdudu wa bahari, na juu ya vitundu hivyo fundi amepitisha mstari ulionyooka bila kuuvunja hata mmoja wa kingo zake. Kazi bora ya namna hiyo visiwani ni maandishi ya Kufi katika mskiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Herufi zimechongwa zikatokeza nje, mashina yake yamesukwa, na nafasi baina yake zimepimwa kwa jicho lililokuwa na desturi ya kupima. Mtu hajifunzii kazi kwenye jiwe kama lile. Lazima nyuma yake palikuwa na walimu, na nyuma ya walimu mawe mengi yaliyoharibika ambayo hakuna aliyeyahifadhi.

Lakini moyo wa kazi yote ni chokaa, na hapo ndipo subira ya mwashi inaponishangaza zaidi. Tanuu la mwambao halikuwa chombo cha kudumu. Magogo hupangwa duara, yote yakielekeza vichwa katikati, tabaka juu ya tabaka, na katikati huachwa tundu la kutilia moto. Juu ya magogo hupangwa vipande vya matumbawe. Upepo ukiwa mbaya, moto unakula upande mmoja na mawe ya upande wa pili yanatoka mabichi ndani, na kuni za wiki nzima zimepotea. Ukiwa mzuri, lundo huwaka usiku kucha na joto hufika karibu nyuzi 900. Katika joto hilo jiwe hutoa hewa iliyofungwa ndani yake na kupoteza karibu asilimia 44 ya uzito. Linabaki na umbo lile lile, jepesi, jeupe, lenye kiu. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe, linapasuka, linakuwa unga.

Mtu mwenye haraka angeanza kujenga siku hiyo. Mwashi anaujua unga ule: kipande kimoja ambacho hakikushiba maji, kikiingia ukutani, kitakuja kushiba baadaye na kuisukuma lipu nje. Kwa hiyo chokaa hulazwa, hufunikwa, hutiwa maji, huachwa kwa miezi. Ndipo ichanganywe na mchanga na udongo mwekundu, ikandwe, ipandishwe. Na hata ukutani haina papara. Hukauka kwa kurudisha polepole ile hewa iliyoitoa motoni, ikiivuta kutoka hewani siku baada ya siku, mpaka inarudi kuwa jiwe. Ukuta wa chokaa, kwa maneno mengine, ni jiwe lililovunjwa, likachomwa, likarudishwa kuwa jiwe mahali pale ambapo fundi alitaka liwe. Ndiyo maana kuta zile zilipandishwa kwa vimo vifupi: mafundi walijenga kimo, wakakiacha kikaze, wakapanda tena. Palipobanduka lipu, mistari ya mapumziko hayo huonekana imelala ukutani, na mtu anaweza kuihesabu.

Masimulizi ya Pemba yanaonyesha kwamba watu walijali hata kilichomo ndani ya chokaa. Upande wa Chwaka upo mskiti wa kale unaoitwa Mskiti Chooko, na wazee husimulia kuwa chokaa yake ilichanganywa na chooko, yaani choroko, ili ishike zaidi. Mgeni anaweza kuliona jambo hilo kuwa hadithi ya kupambia jina. Mimi naliheshimu. China walitia uji wa mchele wa kunata katika chokaa ya kuta zao za enzi ya Ming, na uchunguzi wa maabara umethibitisha kwamba uji ule uliiongezea chokaa nguvu. India waashi walitia choroko nyeusi na sukari guru. Sioni kwa nini fundi wa Pemba, ambaye chooko ilikuwa jikoni kwake, asingejaribu kitu kile kile na kuona matokeo yake kwa macho yake.

Chwaka inafundisha jambo jingine. Jirani yake, mahali panapoitwa Tumbe, palikuwa na kijiji kikubwa kuanzia karne ya 7 mpaka ya 10, na hakikuwa na jiwe. Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walipochimba huko katika miaka ya 2000 walikuta mabaki ya nyumba za fito na udongo, vyungu, na vigae vingi mno vyenye mifereji iliyolika kwa kusagia shanga za kombe. Watu wa Tumbe walikuwa mafundi wa vitu vidogo. Kijiji kikaisha, na baadaye kidogo ukaota mji wa Chwaka, uliodumu kutoka karne ya 11 hadi mwanzoni mwa ya 16, wenye misikiti ya mawe na makaburi ya nguzo. Nyumba nyingi za kuishi ziliendelea kuwa za udongo. Nadhani hapa mwashi anatueleza wazi watu wake waliweka nini mbele. Mwenyewe alilala chini ya makuti na kukandika ukuta wake kila baada ya mvua, na jiwe, lililogharimu kuni, mitumbwi na miezi ya kungoja, alilipeleka mskitini na kwenye kaburi. Mojawapo ya makaburi hayo huitwa la Haruni, mtawala ambaye masimulizi yanamfunga na ukoo wa Mkama Ndume.

Mkama Ndume hana haja ya kutambulishwa Pemba. Jina lake lilikuwa Mohammed bin Abdulrahman, na ngome yake iko Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake. Mpaka leo watu humtaja kwa sauti ya tahadhari. Inasimuliwa kwamba aliwalazimisha watu wake kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Sitaki kupita haraka juu ya habari hiyo. Anayesifu ufundi wa zamani hana budi kuuliza ufundi huo ulitoka kwa mtu wa namna gani na katika hali gani, na Pujini jibu linauma. Boma lile la udongo na mawe, na handaki lake, havina mfano mwambao huu kwa zama zake, karne ya 15. Wapo walioliinua kwa jasho ambalo hawakulipwa, na kama masimulizi ni ya kweli hata nusu yake, wengine hawakurudi nyumbani. Uhodari wa mikono yao ni wao. Mkama Ndume hana fungu ndani yake.

Na uhodari upo. Kisima cha Pujini kimegawanywa kwa ukuta. Wenyeji wanasema Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, akaamuru mmoja ateke kwa ndoo na kamba kutoka juu, na wa pili ashuke kwa ngazi, wasionane. Sahau fitina kidogo, fikiria kazi. Mwashi ameshuka ndani ya shimo, maji yanamwingilia miguuni, na anatakiwa ajenge ukuta utakaosimama kwenye unyevu daima. Si mbali na hapo kipo chumba cha chini ya ardhi chenye ngazi ya kushukia, na kwenye lipu ya ukutani mtu amefinyanga siwa, baragumu la enzi, likiwa limetokeza nje. Lipu humwachia fundi saa chache tu kabla haijakataa. Yule aliyefanya kazi ile alishuka na taa, akabandika chokaa, akakunja pembe ya siwa kwa kiganja na mwiko, akamaliza kabla haijakaza. Kazi iliyofichwa chini ya ardhi, pasipo na watazamaji wengi, imefanywa kana kwamba mji mzima ungeikagua.

Mtambwe Mkuu haina kuta nyingi za kuonyesha. Ni kisiwa kidogo, maji yakitoka unakifikia kwa miguu. Mwaka 1984 Mark Horton na wenzake walichimbua hapo hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, nyingine za Mafatimi wa Misri, zilizofukiwa karne ya 11. Zile za fedha zilifuliwa huku huku mwambao, ndogo, nyembamba, zikiwa na majina ya watawala kama Ali bin al-Hasan. Mbele lipo jina la mtawala, nyuma lipo neno la kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zinakwenda kwa vina. Fundi aliyechora muhuri wake ilimbidi aandike kinyume, kwenye chuma, herufi ndogo kuliko punje ya mtama, na bado asipoteze kina. Vina havikuondoka Pemba tangu hapo. Katika karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 kisiwa kiliwazaa Kamange na Sarahani, washairi waliojibizana kwa tungo ambazo watu walizishika kwa moyo mpaka zikakusanywa kitabuni, *Kale ya Washairi wa Pemba*, mwaka 2011.

Kuna kanuni moja ambayo mwashi hakuweza kuivunja, awe Mtambwe, Pujini au mjini Chake. Upana wa chumba uliamuliwa na mkoko. Boriti nzuri hubeba paa la mawe na chokaa kwa nafasi ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ukizidisha, inapinda. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za mawe za mwambao ni virefu na vyembamba, kutoka Lamu hadi Kilwa, na Pemba yenye mikoko tele ilikuwa na boriti za kujitosheleza. Juu ya boriti hupangwa mawe mepesi, juu yake chokaa na kokoto, kisha kundi la watu hupanda na vigongo kupigilia sakafu kwa siku kadhaa, wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Wimbo ulikuwa kipimo: mapigo yakitofautiana, sakafu inakaza upande mmoja na kuvuja upande mwingine.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa na sehemu kubwa ya yake, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba karafuu ya Zanzibar. Fedha zilipokuja, kazi ya mwashi ikahamia kwenye maduka, maghala na nyumba za matajiri wa Weti na Chake Chake. Ngome ya Chake Chake, iliyopunguzwa sehemu kubwa katika karne ya 20, sasa ni makumbusho, na anayeanza safari ya kuisoma Pemba atafanya vizuri kuanzia humo.

Halafu ikaja saruji. Sina ugomvi nayo kwa nyumba mpya; imewapa watu wengi makazi kwa muda mfupi na gharama ndogo. Ugomvi wangu ni inapopakwa juu ya ukuta wa kale. Ukuta wa tumbawe na chokaa hupumua. Maji ya masika huingia, na jua la kiangazi huyatoa. Lipu ya saruji huyafungia ndani, chumvi inakusanyika nyuma yake, na jiwe linaanza kumomonyoka mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje ukuta unaonekana umepona. Miaka michache baadaye lipu inadondoka ikiwa imeng'ang'ania uso wa jiwe lenyewe, na kilichobaki ni unga. Nimeona kazi za namna hiyo zikisifiwa kuwa ukarabati, na inaniuma, kwa sababu waliozifanya walikuwa na nia njema na bajeti ya kutosha, wakakosa fundi tu.

Fundi anaweza kupatikana. Katika miaka ya 1990 Zahanati ya Kale iliyo mbele ya bahari, Mji Mkongwe, ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan kwa njia za asili, na vijana wa Kizanzibari wakafundishwa humo chokaa, lipu na nakshi. Magofu ya Pemba yanastahili hesabu hiyo hiyo, tena yanaihitaji zaidi, maana hayana paa wala mji wa kuyazunguka. Wanaotaka kuokoa nguzo za Ras Mkumbuu au kisima cha Pujini waanze kwa kuwasha tanuu hapa hapa Pemba, wawaweke vijana wa Ndagoni jirani na rasi hiyo, wa Pujini na wa Chwaka chini ya mikono ya mafundi wachache wanaoijua kazi, na wasipange kugusa jiwe hata moja mwaka huo wa kwanza. Chokaa ya kazi ya mwakani inatakiwa ichomwe kiangazi hiki, kabla kuni hazijalowa kwa mvua za vuli.